Lipa kwa simu, lakini risiti usiitupe



Haya ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa vijana wa vijiweni, wa gereji, wa vibanda vya kunyolea nywele, wa mashine za kuchomelea vyuma na wa vyumba vya kupanga. Gazeti limeamua kuyachapa yote kwa sababu wengi wenu mko kazini saa za mikutano. Basi jihesabu umekaa benchi la mbele, nami nasema na wewe moja kwa moja.

Nitazungumza habari ya umeme na maji, na namna tunavyovilipia. Najua wapo watakaoguna: "Huyu naye! Nchi ina mambo chungu nzima, yeye anatuletea habari za LUKU!" Ngoja kwanza, ndugu yangu. Mbunge unamchagua kila baada ya miaka mitano. Kodi ya chumba unailipa kwa miezi sita kwa mkupuo. Lakini umeme unaununua kila wiki, na wengine kila siku, elfu mbili elfu mbili. Hakuna mahali ambapo mlalahoi anakutana na wakubwa mara nyingi kama pale anapobonyeza namba za mita yake. Na pale pale ndipo anapokatwa bila kujua kakatwa nini.

Neno langu ni moja. Lipa kwa simu, tena wahimize na wenzako walipe kwa simu. Lakini kila shilingi unayoituma ifuatilie mpaka mwisho wa safari yake. Malipo ya simu yanaacha nyayo. Mpaka sasa anayezisoma nyayo hizo ni mkubwa peke yake. Tunataka tuzisome sote.

TULIKOTOKA

Waulize kaka zenu na baba zenu. Enzi za mita za kizamani, msoma mita alikuja mlangoni na daftari, akaandika anachokiona au anachokitaka, kisha ankara ikafuata. Ukiona imezidi, uende ofisini, upange foleni, uambiwe njoo kesho. Kesho ukaambiwa faili halionekani. Mwisho unapewa ushauri wa pembeni: "Zungumza na yule bwana." Kuzungumza maana yake unaijua. Fedha ilipita mikono mingi, na kila mkono ulibakiwa na unga.

LUKU ilianza miaka ya 1990. Jina lenyewe linajieleza: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Ugomvi wa makadirio ukapungua, lakini foleni ikabaki, kwenye ofisi za TANESCO na kwenye vituo vya mafuta vilivyouza umeme. Ukiishiwa saa nne za usiku, ulilala gizani. Kisha wenzetu wa Kenya wakaanza M-Pesa mwaka 2007, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta kwetu. Mitandao mingine ikafuata, na polepole umeme, maji na king'amuzi vyote vikahamia kwenye simu ya mkononi.

Mwaka 2017 Serikali nayo ikaweka mfumo wake wa kupokea malipo, GePG, chini ya Wizara ya Fedha. Ndiyo maana leo ankara ya maji inakuja na namba ya malipo yenye tarakimu 12 inayoanzia na 99, ile ambayo kijiweni mnaiita kontrolo namba.

Tusiwe wanafiki. Lililo jema tulitaje kuwa jema, hata kama limefanywa na Serikali tunayoipinga. Unapolipa kwa namba hiyo, fedha haipiti mfukoni mwa karani wala mkononi mwa msoma mita. Kishoka anayekuja na koti la kuokota na bisibisi mkononi, akikwambia "nipe mimi, nitakupelekea ofisini", hana pa kusimama. Mlango mmoja wa ulaji umefungwa. Kijana anayeendelea kumpa mtu fedha taslimu ili "amsaidie" kulipa bili anaufungua mlango huo kwa mkono wake mwenyewe.

SOMA UJUMBE WAKO

Sasa niulize swali. Ukinunua umeme unapata ujumbe kwenye simu. Ndani yake mna tarakimu 20 za tokeni. Unazibonyeza kwenye mita, taa inawaka, na ujumbe unaufuta. Je, mistari mingine iliyomo umewahi kuisoma?

Tuchukue mfano wa bei iliyopangwa na EWURA mwaka 2016 kwa mtumiaji wa kawaida, shilingi 292 kwa uniti moja, na makato ya wakati huo. Umetoa 10,000. Humo VAT ya 18% inachukua kama shilingi 1,475. REA, yaani mfuko wa umeme vijijini, inachukua 3%, kama shilingi 246. EWURA yenyewe inachukua 1%, kama shilingi 82. Umeme wenyewe unabaki wa shilingi 8,197, ambao ni uniti 28 na ushee. Mwenye matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, aliwekewa shilingi 100 tu kwa uniti. Kwake uniti zote 75 pamoja na makato zinafika shilingi 9,150.

Umeona tofauti hiyo? Kwa shilingi 9,150 mmoja anapata uniti 75, na jirani yake anapata uniti 25 na ushee. Wapo vijana wanaoishi chumba kimoja, wenye taa mbili, redio na feni, ambao mita yao iko kwenye bei ya juu, na hawajui kwamba kuna bei nyingine. Gawanya fedha uliyotoa kwa uniti ulizopata. Ukipata karibu 122 uko kundi la chini, ukipata zaidi ya 350 uko kundi la juu. Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu. Baada ya hapo nenda ukaulize kwa nini uko hapo ulipo, ukiwa na ujumbe wako mkononi.

MWAKA 2021 TUSIUSAHAU

Mwaka 2021 ulitufundisha mambo matatu katika miezi minne.

La kwanza, mwezi Mei mfumo wa LUKU uliharibika kwa siku kadhaa. Mtu ana fedha kwenye simu, mita inalia, tokeni haiji. Wananchi wakarudi kwenye foleni za ofisi za TANESCO kama zamani. Waziri wa Nishati wa wakati huo akawasimamisha kazi wakuu wa kitengo cha mitambo hiyo. Sawa, wakubwa walisimamishwa. Je, kinyozi aliyefunga kibanda siku tatu alifidiwa na nani? Na mama aliyeharibikiwa samaki kwenye friji? Unapomhimiza mtu aache foleni aamini mtambo, mtambo ukianguka lazima pawe na mtu wa kuwajibika kwa hasara ya mteja. Kufukuza karani hakuwashi taa ya mtu.

La pili, mwezi Julai ikaja tozo ya miamala ya simu. Ukituma fedha unatozwa, ukitoa unatozwa, juu ya ada ya mtandao, na kiwango cha juu kilikuwa shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Hebu fikiri! Miaka kumi na mitatu watu wanabembelezwa waache noti watumie simu, na walipozoea wakatozwa kwa sababu wamezoea. Mji mzima ulipiga kelele. Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa 30%. Mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Mwaka 2023 ile ya kutuma ikafutwa, ikabaki kwa anayetoa taslimu. Lishike hilo, kijana: kelele za wananchi zilifanya kazi. Hawakuipunguza kwa kuota ndoto njema.

La tatu, mwezi Agosti kodi ya jengo ikaingizwa ndani ya LUKU. Hapa ndipo penye kidonda, kwa hiyo tutue kidogo.

KODI YA JENGO ANALIPA NANI?

Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Sheria ndivyo inavyosema, na akili inakubali. Lakini mita anailisha nani? Mpangaji! Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa mwezi kwa ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda, 1,500 na 7,500. Mwenye nyumba yuko zake, kodi ya chumba kapokea, na kodi ya jengo unamlipia wewe.

Chukua kijana aliyepanga nyumba ndogo yenye mita yake. Tarehe mosi ananunua umeme wa 2,000. Mfumo unaanza na kodi, unakata 1,500. Umeme anaoambulia ni wa shilingi 500, uniti moja na kitu. Anadhani mita ni mbovu, anamwita kishoka. Kumbe ujumbe ulimwambia, ila hakuusoma. Kwa mwaka ni shilingi 18,000. Aliyepanga ghorofani ni 90,000 kwa mwaka. Fedha hiyo inatosha kumlipia mdogo wako sare, viatu na madaftari.

Wakubwa walipoulizwa walisema mpangaji na mwenye nyumba wakae waelewane. Waelewane! Kijana anayeogopa kufukuzwa akaelewane na mwenye funguo za geti? Serikali imejirahisishia kukusanya kwa kumpa kazi yake mnyonge, kisha inamwambia mnyonge akajidai mwenyewe.

Hata hivyo silaha ipo, na ni zile nyayo nilizozitaja. Kila ujumbe wa LUKU wenye mstari wa kodi ya jengo ni risiti kwamba wewe umelipa deni la mtu mwingine. Usiufute. Uandike kwenye daftari: tarehe, kiasi, namba ya muamala. Siku ya kulipa kodi ya chumba mwendee mwenye nyumba kwa heshima, na shikamoo yake umpe, umwambie: "Mzee, kwa miezi sita nimekulipia 9,000 ya kodi ya jengo, hizi hapa. Naomba zitolewe kwenye kodi ya chumba." Mkiwa wapangaji sita, nendeni sita. Mkataba mpya ukiandikwa, liingizwe humo mapema. Mzee mwungwana atakubali. Akikataa, angalau mmejua mnakaa na mtu wa namna gani, na ushahidi mnao.

MKUBWA HALIPI KABLA YA KULA

Mlalahoi analipa kwanza ndipo taa iwake. Shilingi ikiisha saa sita usiku, giza. Hakuna barua, hakuna notisi, hakuna "tunakuomba". Mita haina masikio.

Wakubwa nao? Machi 2017, akiwa ziarani Mtwara, Rais Magufuli aliiagiza TANESCO ikate umeme kwa kila mdaiwa, akasema hata kama ni Ikulu. Wengi walipiga makofi. Lakini mwenye kufikiri alijiuliza: mpaka Rais asimame jukwaani kusema hivyo, ofisi hizo zilikuwa zimewashiwa taa kwa mkopo miaka mingapi? Je, kinyozi wa Manzese aliwahi kukopeshwa umeme wa wiki moja? Ikiwa mfumo wa kielektroniki unaweza kunikata mimi kwa shilingi 500, unaweza pia kuonyesha kila mwezi ofisi gani ya umma inadaiwa kiasi gani. Kinachokosekana ni nia ya kuonyesha, maana mtambo upo.

JIFUNZE KWA JIRANI

Nairobi, kampuni ya maji ya jiji ilianzisha mpango unaoitwa Jisomee Mita, na mitaa ya wanyonge kama Kayole Soweto iliufaidi. Mteja anasoma mita yake mwenyewe, anatuma namba kwa simu, anarudishiwa hesabu ya deni lake, na analipa kwa simu kidogo kidogo kadiri anavyopata vibarua. Asilipe jumla ya miezi mitatu siku moja, na asimsubiri msoma mita aje na makadirio yake.

Utamu wa mpango ule ni kwamba mteja naye ameshika kalamu. Kwetu wengi tunaletewa ankara ya maji kwa ujumbe, na hatujui namba iliyoandikwa imetoka kwenye mita au imetoka kichwani mwa mtu. Dawa yake haigharimu kitu: kila mwisho wa mwezi piga picha mita yako ya maji. Namba ya ankara isipolingana na picha, kabla hujalipa una la kusema.

TUNACHODAI

Juni 2025 Serikali ilipeleka bungeni pendekezo la kupunguza VAT kutoka 18% hadi 16% kwa mnunuzi anayelipa kwa benki au kwa njia ya kielektroniki. Hiyo ndiyo namna ya kumvuta mtu: anayelipa kwa njia ya wazi apate nafuu. Ni kinyume cha ile tozo ya 2021. Lakini nafuu ya kwenye karatasi na nafuu ya kwenye mita ni vitu viwili. Angalia mstari wa VAT kwenye ujumbe wako, ndipo ujue imekufikia au imeishia bungeni.

Mashirika ya umeme na maji yana hesabu zote za miamala yetu. Yanajua nani kalipa, saa ngapi, kwa mtandao gani. Basi tunataka kila robo mwaka yatangaze mambo matano kwa Kiswahili cha kueleweka. Moja, wateja wangapi kati ya kila mia wanalipa kielektroniki. Mbili, miamala mingapi ilikwama, na tokeni ilichukua muda gani kufika. Tatu, mteja alikatwa ada kiasi gani juu ya bei. Nne, malalamiko mangapi yaliletwa, na mangapi yalimalizwa. Tano, taasisi za umma zinadaiwa kiasi gani. EWURA imezoea kutoa ripoti za mwaka za mamlaka za maji, kwa hiyo hatuombi muujiza.

Leo Serikali ikikudai, inalijua jina lako, namba yako na mtaa wako. Wewe ukiidai, unaambiwa mtandao uko chini. Hali hiyo hatuikubali.

KAZI YAKO KUANZIA LEO

Kwanza, bili usilipe kwenye namba ya simu ya mtu, hata avae kitambulisho kifuani. Maji na malipo mengine ya Serikali yana namba yake ya tarakimu 12. Umeme una namba ya mita yako, tarakimu 11. Ukiambiwa "tuma kwenye namba hii", jua umeingiliwa.

Pili, hakikisha jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Sekunde tano hizo zimewaokoa wengi.

Tatu, tokeni isipokuja usinunue tena kwa hasira. Chukua namba ya muamala, piga kwa mtandao wako, kisha kwa shirika. Wakikurusha kama mpira, mtandao unasema ni shirika na shirika linasema ni mtandao, usikate tamaa. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imeweka fedha za simu chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Na kwa upande wa umeme na maji lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, ambalo kazi yake ni kumsemea mteja. Wengi hawalijui, na wapo wanaofurahi kwamba hatulijui.

Nne, soma matangazo. Mita za tokeni zilikuwa zikihesabu dakika kuanzia Januari 1993, na hesabu hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. TANESCO ilitangaza mapema kwamba mteja atapata mafungu matatu ya tarakimu 20, ayaingize kwa mpangilio, na fungu la tatu ndilo lenye umeme. Kazi hiyo ilikuwa ya bure, ya kidole chako mwenyewe. Asiyesoma matangazo ndiye windo la kishoka.

Tano, mfundishe mwingine. Bibi anayeuza maandazi mtaani kwako analipa bili kwa kumpa mtu noti, kwa sababu anaogopa simu. Kaa naye robo saa umwelekeze. Usimlipie wewe ukabaki na chenji, maana hapo utakuwa kishoka mpya.

Ndugu msomaji, ulaji wa zamani ulifanyika gizani, kwenye droo na kwenye bahasha. Ulaji wa leo unapita kwenye mistari ya ujumbe ambayo hakuna anayeisoma. Anza na ujumbe wa umeme utakaoununua jioni ya leo. Gawanya fedha kwa uniti, andika kwenye daftari, na kesho kijiweni mlinganishe na wenzako, mmoja mmoja. Mkikuta tofauti, msiishie kupiga soga. Nendeni ofisini kwao mkiwa kundi, kwa adabu, na daftari mkononi.